Ushahidi wa Jiwe

Katikati ya mji wa Mwanza umesimama mnara wa saa wenye maandishi ya Kiingereza, yampayo mpita njia habari kwamba tarehe 3 Agosti 1858, akiwa kilimani Isamilo, John Hanning Speke aliyaona kwa mara ya kwanza maji makuu ya ziwa. Maneno hayo ni ya kweli. Speke alifika, akapanda, akaona. Lau yangekuwa uongo yangefutwa na jambo likaisha. Ugumu watokana na ukweli wake: je, maneno yaliyo kweli yote yaweza kuwa ushahidi usio wa haki?

Wapo watakaoutetea mnara kwa sarufi. Aliyeona kwa mara ya kwanza ni yeye Speke. Hapakusemwa kuwa hapana aliyemtangulia. Utetezi huo una mantiki lakini hauna uzito, kwani jiwe halisemi kwa maneno peke yake. Husema pia kwa mahali liliposimamishwa, kwa lugha lililochongwa, na kwa gharama iliyotumika. Mvuvi wa Kisukuma aliyaona maji hayo kila alfajiri, na babu yake kabla yake, wala hapana tarehe iliyochongwa kwa ajili ya macho yao. Jiwe la njiani ndilo liamualo historia ianze kwa jicho la nani.

Na hata jicho lenyewe lilikuwa la kuazima. Habari za ziwa Speke alizipata Kaze, karibu na Tabora ya leo, ambako Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani, aliwaeleza yeye na Richard Burton kuwa kaskazini iko bahari kubwa kuliko Tanganyika. Wenye misafara wakiiita Bahari ya Ukerewe. Burton akabaki Kaze. Speke akaondoka na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akarejea Zanzibar baada ya bwana wake kufariki. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na takriban kila alilolijua kutoka kwa wenyeji lilipita katika ulimi wa mtu huyo. Miezi michache nyuma, Februari 1858, walipoikaribia Tanganyika, Burton aliuliza mng'aro ule wa mbali ni kitu gani. Bombay ndiye aliyemjibu kuwa ni maji. Speke siku hiyo alikuwa mgonjwa wa macho, haoni vizuri. Msimulizi wa haya ni Burton mwenyewe, mtu asiyekuwa na desturi ya kugawa sifa ovyo.

Haifai, hata hivyo, kumnyima Speke haki yake. Alidhani ziwa hilo ndilo chanzo cha Nile, na alidhani sawa, ingawa alifariki Septemba 1864 wenziwe wangali wakimbishia. Bombay naye alipewa nishani na pensheni na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza. London, basi, walimkumbuka; mnara wa Mwanza haukumtaja.

Yumkini mtu akasema dawa ni nyepesi: kila jiwe liongezewe kibao cha pili. Kwa Bombay yatosha. Lakini na tuvuke hadi kisiwa cha Bumbire, upande wa magharibi wa ziwa hilo hilo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, si mbali na Mwanza, kulizunguka ziwa kwa mashua. Mwezi wa Aprili watu wa Bumbire walimnyang'anya makasia, akaponea chupuchupu. Tarehe 4 Agosti alirudi na kundi la mitumbwi, akawapiga risasi waliosimama ufukweni na mikuki yao, akiwa mbali wasikoweza kumfikia. Makumi walikufa. Ni Stanley aliyeandika tarehe, ni Stanley aliyehesabu maiti, na magazeti yaliyomtuma ndiyo yaliyochapisha. Fundi atakayechonga kibao cha Bumbire atalazimika kuazima ushahidi kwa muuaji. Akiukataa, hana tarehe wala idadi. Akiukubali, Stanley atakuwa mwandishi hata wa jiwe la waliouawa naye.

Kuvunja nako si lazima kuwe haki. Sanamu ya Hermann von Wissmann iliondolewa Dar es Salaam mwaka 1916, lakini walioiondoa ni Waingereza washindi wa vita. Aliowapiga Wissmann hawakuulizwa, na mwaka 1927 hapo hapo ikawekwa sanamu ya askari, kwa hesabu ya dola mpya.

Nje kidogo ya Mwanza, barabara ya Musoma, ipo Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa katika meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Miili mingine haikutambulika. Hapo mnara uliwekwa kwa ajili ya watu waliokuwa na jamaa hai, na jamaa hao huja kila Mei kusoma, tena majina wanayajua. Wa Bumbire nao walikuwa na jamaa, na wajukuu wao wangali wakivua samaki katika maji yale. Kabla ya fundi kuitwa na chokaa kukorogwa, hao ndio wa kuulizwa kama wanalitaka jiwe, na kama jina la Stanley liandikwe humo au liachwe.