Majirani Nyuma ya Dirisha

Katika filamu ya Kiitaliano iitwayo L'albero degli zoccoli, yaani "Mti wa Viatu vya Mbao", mkulima maskini anakata mti usio wake ili amchongee mwanawe kiatu. Ermanno Olmi, aliyeiandika na kuiongoza, hakutafuta waigizaji wa kazi. Aliwachukua wakulima wa Bergamo wenyewe, wakasema lahaja ya kwao. Mwaka 1978 ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes, na mwaka 1995 Vatikani iliitia katika orodha yake ya filamu 45 bora. Inachukua saa tatu hivi, na mpenda mbio ataisinzilia.

Sisi tunaosali tunajiona humo upesi. Familia kadhaa zinaishi katika nyumba moja kubwa ya shamba, mwishoni mwa karne ya 19. Jioni wanasali pamoja. Mjane anayefua nguo za watu anamwombea ng'ombe wake mgonjwa, anamnywesha maji ya kijito, naye ng'ombe anapona. Ni imani ya kweli, na Olmi haicheki.

Mtoto anaitwa Minek. Padri ndiye aliyesisitiza apelekwe shule kwa kuwa ana akili. Baba yake, Batistì, alisitasita. Shule iko mbali, na siku moja kiatu kinapasuka. Usiku baba anatoka na kukata mti kando ya maji. Lakini nyumba, mazizi na miti ni mali ya mwenye ardhi, tena huchukua theluthi mbili za mavuno. Anapogundua, familia nzima inafukuzwa, pamoja na mtoto mchanga.

Je, Batistì ni mwizi? Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mtu akichukua cha mwingine kwa sababu ya dhiki kubwa na ya wazi, hahesabiwi kuwa ameiba. Kiatu kimoja ni dhiki ya namna hiyo? Pengine sivyo, Minek angeweza kubaki nyumbani, na hakuna ambaye angekufa. Lakini ushauri wa shule ulitoka kanisani, na gharama yake ikamwangukia baba peke yake. Hapo sisi tunaopenda kuwahimiza wazazi wasomeshe watoto tunapaswa kunyamaza kidogo kabla ya kumhukumu.

Filamu ilipotoka, wahakiki wa mrengo wa kushoto hawakuridhika. Miaka miwili nyuma Bertolucci alikuwa ametoa Novecento, ambamo wakulima wanainuka dhidi ya mabwana wao. Wakulima wa Olmi hawainuki. Basi wakasema huyu Mkatoliki anawafundisha maskini kuvumilia.

Lawama hiyo tusiipuuze, maana imetugusa mara nyingi. Hata hivyo tunaona waliikosea filamu mahali pamoja. Batistì anapopakia vyombo vyake kwenye mkokoteni, majirani wako ndani. Wanamtazama kupitia dirishani. Hakuna anayetoka kumshika mkono, wala kumsaidia kubeba kitanda. Wanatoka uani baada ya mkokoteni kuondoka. Mtengeneza filamu anayetaka kusifu uvumilivu hangeiacha aibu hiyo wazi hivyo.

Tena uvumilivu wenyewe si wa aina moja. Mjane anavumilia ugonjwa wa ng'ombe, jambo ambalo hakuna mtu aliyelipanga. Kufukuzwa kwa Batistì kumepangwa na mtu mwenye jina, mwenye nyumba na msimamizi. Kuyaita yote mawili mapenzi ya Mungu ni kumsingizia Mungu. Wazee wa Yezreeli, walipopokea barua ya kumwangamiza Nabothi, walitii. Majirani hawa hawakushuhudia uongo, ni kweli, na hatujui tungefanya nini nasi tukiwa na watoto na tukiishi katika nyumba ya bwana yuleyule. Huenda kusema neno kungewapeleka barabarani nao.

Lakini kulikuwa na jambo dogo lisilohitaji ushujaa wa kumkabili bwana: kuvuka ua, kubeba mtungi mmoja, kumuaga mama mwenye mtoto mchanga. Waliokuwa wakisali naye jioni waliungoja mkokoteni ufike mbali kwanza.