Kabla Hajatoka

Kundi la Wailers lilipoanza kurekodi kwa Coxsone Dodd pale Studio One, Kingston, lilikuwa na watu wengi kuliko wale watatu tunaowaona kwenye fulana. Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston tunawajua. Pamoja nao walikuwepo Junior Braithwaite, Beverley Kelso na Cherry Smith, na huyo Braithwaite ndiye aliyeongoza sauti katika "It Hurts to Be Alone". Mwaka 1964 akahamia Marekani. Mabinti wawili nao wakaondoka, kila mmoja kwa wakati wake. Wasifu wa Marley ukifika hapo huwapa sentensi moja, au mbili mwandishi akiwa mkarimu, kisha unasonga mbele na shujaa wake.

Sentensi hiyo ndiyo inayonisumbua. Hawa walikuwa uani pamoja, wakipanga sauti zilezile, wakidaiwa na njaa ileile. Kwa Marley, jioni zile zimeandikwa kuwa mwanzo. Kwa Kelso zilikuwa nini? Haziwezi kuwa mwanzo, kwa sababu hakuna kilichofuata ambacho vitabu vya muziki vinakihesabu. Lakini jioni ni moja. Kama kuwa mwanzo kungekuwa sifa ya jioni yenyewe, wote wangegawana sawa. Basi mwanzo haumo ndani ya tukio hata kidogo. Mtu anayejua hadithi iliishia wapi ndiye anayerudi nyuma na kuubandika.

Ningewaachia wasomi swali hili lisingekuwa linawagusa watu wa Ilula.

Ilula ni mji mdogo wa wilaya ya Kilolo, kwenye barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Ukishaumaliza mlima Kitonga, ukapata baridi ya kwanza ya nyanda za juu, haichukui muda unaona matenga ya nyanya na mafungu ya vitunguu kando ya lami, na wachuuzi wakikimbilia madirisha ya basi kabla halijasimama vizuri. Rege ilipanda mlima huo kwa njia hiyohiyo. Enzi ambazo nchi nzima ilisikiliza redio moja ya taifa, na ikaendelea hivyo mpaka miaka ya tisini, kanda za Bob Marley na Lucky Dube zilikuwa zikisafiri na madereva wa malori na makondakta. Leo ni fleshi na simu. Picha ya Marley bado iko ukutani kwa kinyozi, na kinyozi mwenyewe pengine amezaliwa miaka ishirini baada ya Marley kufa, Mei 11, 1981. (Toots Hibbert, mwimbaji wa Toots and the Maytals, alifanya kazi kwenye kibanda cha kinyozi Kingston kabla hajajulikana. Sijaona bado kinyozi aliyemchora Toots.)

Kando ya barabara hiyo wapo pia vijana wa kuchomelea. Marley naye aliwekwa ajifunze uchomeleaji, chuma kikamrukia jichoni, akaiacha kazi. Desmond Dekker, mwimbaji mwingine wa baadaye, alikuwa fundi pamoja naye. Alitangulia kwa mtayarishaji Leslie Kong, na mwaka 1962 Marley akarekodi kwake "Judge Not". Katika kila wasifu, kile kichuma kina uzito wa ajabu, kana kwamba kilitumwa. Vijana wa kwetu wanachomelea mageti wakiwa wamevaa miwani ya jua, cheche zinawaingia machoni, wanakwenda hospitali kuoshwa, kesho yake wako kazini. Hakuna anayeandika sura ya kitabu kuhusu macho yao. Chuma ni chuma, na maumivu sidhani yalitofautiana sana.

Tunao msemo wa kuhalalisha jambo hili: nyota njema huonekana asubuhi. Nakubali kwamba huonekana, ila anayeiona ni yule anayeikumbuka asubuhi hiyo jioni ikiwa imeshafika. Mwaka 1984 Lucky Dube alikuwa kijana wa miaka ishirini, tayari mwimbaji wa mbaqanga mwenye wapenzi wake huko Afrika Kusini. Akatoa rege kwa mara ya kwanza, "Rastas Never Die". Utawala wa makaburu ukaipiga marufuku redioni. Ziliuzwa nakala kama 4,000, ilhali kazi zake za mbaqanga zilizoea kufika 30,000 hivi, na kampuni iliyomrekodi ilitaka arudi kwenye kilichokuwa kikiuza. Mwaka uliofuata akarekodi rege tena. Sisi tunajua yaliyofuata, kwa hiyo zile nakala 4,000 tunaziita ushujaa. Lakini wapo waliouza nakala 4,000 wakarudi kwenye mbaqanga, au wakarudi nyumbani, na hakuna anayewaita chochote. Mwenye macho mazuri anionyeshe ile nyota ilikuwa wapi mwaka 1984.

Wahehe hawahitaji kwenda Jamaika wala Johannesburg kulijua hili. Ukitoka Ilula kuelekea Iringa mjini unapita Lugalo, ambako Agosti 17, 1891 jeshi la mtawala wao Mkwawa lilijificha vichakani likakisambaratisha kikosi cha Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Jioni ile, kwa aliyesimama pale na mkuki wake, mambo yalikuwa yamekwisha: mgeni alikuja, mgeni amepigwa. Leo tunasimulia Lugalo kama mwanzo wa vita ya miaka saba, vita iliyofika mpaka Mkwawa alipojiua mwaka 1898, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 likawekwa Kalenga. Askari aliyekufa Lugalo asubuhi hakufa mwanzoni mwa kitu. Alikufa siku hiyo, kwa ajili ya siku hiyo, na nadhani tunamwonea tunapomwambia kwamba maana ya kifo chake ilikuwa bado njiani.

Sasa mfikirie kijana wa Ilula anayepiga rege. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la galoni na waya za breki za baiskeli. Bunny Livingston naye alijitengenezea la fito ya mwanzi, kopo la dagaa na nyuzi za waya wa umeme, kwa hiyo kwa upande wa vifaa wako sawa. Amekodi eneo analima nyanya, usiku anakutana na wenzake. Ukimwuliza mambo yanakwendaje atakujibu kwamba bado hajatoka. Analisema hilo bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake. Lakini sikiliza amesema nini: ameichukua miaka yake yote, nyimbo zote alizokwisha tunga, na kuiweka kwenye upande wa vitu ambavyo havijatokea. Asipotoka kamwe, na wengi hawatoki, atakuwa ameishi kitu gani?

Aristoteli aliwahi kutenganisha matendo ya aina mbili. Kuna kujenga nyumba: ukiwa unajenga, bado hujajenga, ukishajenga, hujengi tena. Na kuna kuona: unapoona, umeshaona, hakuna kilichobaki kukamilishwa kesho. Kilimo cha nyanya kimekaa upande wa kwanza. Mkulima wa Ilula anatia mbolea, anapiga dawa, anamwagilia, anajaza matenga, lori linaondoka, na bado hajui amefanya nini. Soko la Dar es Salaam ndilo litakalomwambia. Bei ikishuka vibaya, kazi ya miezi inageuka hasara kwa uamuzi wa mtu ambaye hajawahi kuliona shamba. Mchumia juani hulia kivulini ni methali ya shambani, na huko ina haki yake, hata kama kivuli chenyewe mara nyingine kinakwenda kwa dalali.

Wimbo haufanani na tenga la nyanya. Watu watano wakiwa nyuma ya nyumba, besi ikapata njia yake, mpiga ngoma akaliacha wazi lile pigo la kwanza kama rege inavyotaka, gitaa likajibu pembeni, kitu kile kimeshaliwa. Hakuna lori linalosubiriwa. Kesho kinaweza kurekodiwa, kikauzwa, kikapigwa Nairobi, na hayo yote yatakuwa nyongeza juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kizima. Ndiyo maana sikubali kwamba Beverley Kelso alikuwa mwanzoni mwa jambo asilolifikia. Alilifikia kila mara sauti yake ilipokaa sawa na za wenzake.

Najua jibu litakalorushwa, na ni la haki: hakuna aliyewahi kushiba pigo la besi. Mama wa kijana huyu ana haki ya kuuliza ada ya mdogo wake itatoka wapi. Wailers wenyewe, huku nyimbo zao zikipigwa Jamaika nzima, walikuwa wakilipwa paundi chache tu kwa wiki. Februari 1966 Marley alimwoa Rita, na siku hazikupita akaondoka kwenda kwa mama yake huko Delaware, Marekani, kutafuta pesa viwandani. Aprili 21 mwaka huohuo Mfalme Haile Selassie alitua Kingston, siku ambayo Marasta wanaiadhimisha mpaka leo. Rita alikuwepo kwenye umati. Mtu ambaye dunia ingekuja kumtambua kama sauti ya imani hiyo alikuwa ng'ambo akihangaikia mshahara.

Njaa ni kweli basi, na sitaki kuipamba. Ninachokataa ni hesabu ya mapato kutumwa ikajibu swali ambalo si lake. Mkaguzi wa hesabu anaweza kukuambia kwamba huyu kijana amepata hasara miaka mitano mfululizo, na awe sahihi kabisa. Hawezi kukuambia kwamba miaka hiyo ilikuwa bure, kwa sababu daftari lake halina safu ya kuandika hilo. Ajabu ni kwamba kijana mwenyewe amelikubali daftari hilo kuliko mama yake. Mama anataka ada tu. Kijana anataka kutoka ndipo ajione kuwa alikuwa anaishi.

Joe Higgs ndiye mtu ninayependa kumleta hapa. Alikuwa mwimbaji aliyekwisha rekodi, nusu ya wawili walioitwa Higgs na Wilson, na uani kwake Trench Town ndiko Wailers walikofundishwa kupanga sauti. Aliwafundisha kwa ukali kidogo, saa nyingi. Mwaka 1973 Bunny alipokataa kwenda ziara ya Marekani, Higgs alichukua nafasi yake: mwalimu akasimama jukwaani nyuma ya wanafunzi wake. Ukipima kwa kutoka, hii ni hadithi ya kusikitisha, ya mtu aliyepitwa na watoto aliowalea. Mimi naiona ni ya fundi aliyeendelea na kazi yake. Alichokuwa akifanya uani na alichofanya jukwaani kilikuwa kitu kimoja, isipokuwa jukwaani kulikuwa na taa.

Kuna dhuluma nyingine ndogo ndani ya jambo hili, nayo ni ya nani anaandikiwa. Tunazijua nyua za Kingston kwa undani wa kushangaza. Winston Rodney alipojiita Burning Spear alichukua jina la sifa la Jomo Kenyatta. Wajamaika walikuwa wakitazama huku kutafuta maana, sisi tukitazama kule. Nyua zetu wenyewe tumezipita. Jah Kimbute na bendi yake ya Roots and Culture, marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, Ras Inno, Ras Nas aliyefanya maskani yake Norway, Jhikoman na Afrikabisa yake pale Bagamoyo, Innocent Galinoma aliyeipeleka rege Marekani akiwa na jina ambalo mtu wa Iringa hahitaji kutafsiriwa: hawa walianza katika nchi ambayo rasta kichwani ilitosha kukufanya mtuhumiwa wa bangi kabla hujafungua kinywa. Walianza na nani? Nani aliwaazima ampu? Kuna akina Kelso wangapi nyuma yao, ambao hata ile sentensi moja hawajapewa?

Nikisema hivi simwambii kijana wa Ilula aache kutaka kutoka. Atake. Aende Iringa redioni, apande basi la Dar es Salaam, agonge milango ya studio, na akipata nafasi nitakuwa wa kwanza kujisifu kwamba namfahamu. Ila salamu yetu kwake nadhani tumeikosea. Baada ya kamwene, kila mtu anamwuliza swali lilelile, umetoka? Naye anainamisha kichwa, anasema bado. Mimi nikimkuta namwuliza jana walipiga nini, na nani alishika besi. Hapo hakwami kamwe. Tatizo ni kumnyamazisha.