Uzuri si Ushahidi

Kila nikisoma nadharia inayodai kuunganisha kani zote za ulimwengu na papo hapo kufumbua fumbo la maada ya giza, natamani iwe kweli. Mvutano, sumakuumeme, na zile kani mbili za ndani ya kiini cha atomu: ingependeza kujua kwamba zote nne ni ndugu wa tumbo moja. Lakini je, ni haki kuamini jambo kwa sababu linapendeza?

Mwaka 1974 Howard Georgi na Sheldon Glashow walitunga nadharia iliyounganisha kani tatu kati ya hizo, zote isipokuwa mvutano. Hesabu zake zilivutia mno. Ila ilikuwa na sharti: protoni nayo lazima ioze, hata kama ni baada ya muda mrefu kupita kiasi. Huko Kamioka, Japani, wanasayansi wakajaza tani 3,000 za maji katika tangi ndani ya mgodi, na mwaka 1983 wakaanza kuvizia. Tangu 1996 wanatumia tangi la tani 50,000. Mpaka leo hakuna protoni iliyothibitika kuoza, na nadharia ile, kwa umbo lake la awali, imeanguka.

Mimi naiheshimu kwa kuanguka huko. Ilitaja mapema kitu kitakachoiangusha, na ikawapa watu kazi ya kufanya. Februari 1987 tangi lile la kwanza lilinasa nyutrino kutoka kwenye nyota iliyolipuka, jambo ambalo nadharia yenyewe haikuliahidi.

Maada ya giza haikuzaliwa na tamaa ya uzuri. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuta galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi kuliko maada inayoonekana ingeweza kuzishikilia pamoja. Dalili ya mvua ni mawingu, nami nakubali mawingu yapo. Lakini wapo, kama Mordehai Milgrom tangu 1983, wanaosema huenda sheria ya mvutano ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Dalili ni zilezile, maelezo yanagombana.

Kwa hiyo anayeniambia ameeleza yote namwuliza: tukiona nini, utakubali umekosea? Kumwamini asiye na jibu ni kumdhulumu yule aliyethubutu kulitoa. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.