Aliyechuma na Aliyepanda

Mali ya ndoa tunaiita mali waliyochuma. Husema hivyo mahakama, wazee wa baraza la usuluhishi, hata shangazi anayemtetea mtoto wa kaka yake ukumbini. Neno ni tamu, lakini lina hila. Kuchuma ni kazi ya siku moja, ya yule aliyekuwepo tunda lilipoiva. Aliyefyeka pori, akapanda na kupalilia, neno halimtaji.

Tuseme mume na mke wa Mlandizi, Kibaha, wametengana. Mwanamke amerudi kwao Kisarawe, huu mwaka wa pili. Talaka hajapewa wala hajaidai. Shamba la mikorosho upande wa Ruvu lina jina la mume. Mara mradi unapita, maana Kibaha imeshazoea, reli ya kisasa ilikwishapita Soga na Ruvu. Mthamini anahesabu miti, na siku moja fidia inaingia benki. Mume anasema: sikuitarajia, yeye hakuwepo, hii ni bahati yangu.

Tusimbeze. Mtu aliyeachwa peke yake akitoa mfukoni mwake elfu moja, akacheza mkeka wa kubeti, mkeka ukatiki, mke aliye Kisarawe anaingilia wapi? Mimi sioni. Ila mkeka ulizaliwa jana, na mkorosho uliingia ardhini mwaka wa harusi. Kilichokuja ghafla ni malipo. Karatasi ya benki inasema pesa ilifika lini; ilikoanzia haijui.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inairuhusu mahakama inayotoa amri ya utengano au talaka kugawa mali zilizopatikana kwa jitihada za pamoja. Inatazama mchango wa fedha, mali au kazi, inatazama madeni na mahitaji ya watoto, kisha inaelemea usawa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtambua mwenzi aliyeitunza kwa nguvu zake ardhi yenye jina la mwenzake. Na katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango.

Watetezi wengi huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu: fedha alizopewa na mumewe kwa mradi wa familia zilipotelea mikononi mwake, akahesabiwa amekwishakula fungu lake. Nusu hii ya pili ndiyo inayonifundisha zaidi. Ukidai jasho lako lihesabiwe, ujue na ulichokwishakula kitahesabiwa. Kwa hiyo misimu miwili ambayo mume wa Mlandizi alipalilia peke yake, akanunua salfa peke yake, ni yake, na mke asiione ni dhuluma. Lakini misimu miwili haiwezi kumeza miaka kumi na mitano iliyotangulia.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kama moto ungeteketeza shamba, na deni la salfa la miaka ile likabaki, mume huyu angefunga safari hadi Kisarawe kumkumbusha mwenzake kwamba walikopa wote. Janga analikumbuka kuwa la wawili. Neema inapofika ndipo anapokumbuka kwamba wametengana.

Ardhi na miti, basi, nisingeona taabu kuigawa. Taabu iko kwenye posho zinazofuatana nayo. Kanuni za fidia za 2001 zinataja pango la miezi 36: hilo ningempa anayeishi na watoto, popote walipo. Zinataja usafiri, na mke alishahama zamani kwa bodaboda aliyolipiwa na kaka yake. Halafu ipo fidia ya usumbufu, inayokokotolewa kwa kuzidisha thamani ya mali kwa riba ya benki. Fomu inauliza nani anaondolewa shambani leo. Yule aliyeondoka miaka miwili nyuma, usiku, mtoto mgongoni, kwenye miti ileile aliyoipanda kwa mkono wake, hana pa kujazwa.