Dawa ya Kunguni kwa Nzi wa Maembe

Katikati ya Desemba, maembe yakiwa yamefurika Temeke hadi yanauzwa kwa sado, mjomba mtu alishuka kutoka Mkuranga na tenga zima, dodo juu, bolibo chini. Akalitua nyumbani kwa mpwa wake, fundi pikipiki, ambaye mkewe huuza juisi ya embe na ya ukwaju kibarazani. Zawadi na mtaji humo humo. Wiki haijaisha, jiko likawa limejaa nzi wale wadogo wa rangi ya kahawia, wenye macho mekundu, wasiozidi milimita 3 au 4. Walipenya tundu za kawa, wakatua kwenye midomo ya glasi, wakafia kwenye juisi. Mteja wa kwanza aliyerudisha glasi hakuonekana tena pale kibarazani.

Kosa la kwanza lilikuwa haraka ya kumpata mwenye hatia. Bibi, yaani mama yake fundi, alipasua dodo lililolainika ubavuni, akakuta funza weupe wanajinyonganyonga. "Si hawa hapa! Mjomba wenu katuletea balaa." Kesi ikaisha. Tenga lote likamwagwa shimoni, na mjomba aliposikia akanuna hadi Mwaka Mpya, nami sioni kwa nini asingenuna.

Funza wa ndani ya embe ni wa nzi mwingine kabisa, mkubwa zaidi, anayelidunga embe likiwa bado mtini na kutaga chini ya ganda. Wakulima wanamjua, hasa yule aliyetoka Asia, akagunduliwa Kenya mwaka 2003 na kusambaa nchi nyingi za Afrika. Huyo shida yake ni shamba. Nzi wa jikoni hawezi kulidunga embe zima. Hungoja lipasuke, lichubuke, lianze kuchacha, kwa sababu chakula chake hasa ni hamira inayoota penye utamu uliochacha. Ndiyo maana haoni tofauti kati ya embe bovu, siki na bia iliyobaki kwenye glasi. Maembe ya mjomba yaliwavutia, hilo kweli, lakini walikozaliwa ni kwingine, na hakuna aliyeuliza ni wapi.

Fundi akapandwa hasira. Akirudi kutoka kijiweni alimkuta kijana na kipaza sauti chake, kile kinachorudia maneno bila kupumzika: kunguni, mende, panya, viroboto, sisimizi. Akamuuliza kama hiyo dawa inaua na nzi.

"Broo, hii inaua chochote chenye pumzi."

Kijana alisema kweli, na kwa mtu mwenye watoto neno hilo lingetosha kurudisha hela mfukoni. Fundi alilisikia kama sifa.

Dawa ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, haina maandishi yoyote, na ukiitia majini inageuka nyeupe pee. Dawa za kuzungushwa mitaani namna hii mara nyingi ni viuatilifu vya shambani, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu aliyevaa glavu na barakoa, anayepuliza mazao kisha anangoja siku zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Mchuuzi anaimimina kwenye vichupa, lebo inabaki alikoitoa. Kwenye lebo hiyo ndiko kulikokuwa na jina la sumu, kipimo chake, na la kufanya mtu akiimeza. Tanzania kiuatilifu kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Chupa ya maji yenye sumu ndani haina wa kuisajili.

Usiku ule fundi alipuliza jiko zima, na asubuhi mkewe akafagia maiti za nzi hadi kizoleo kikachafuka. Watu wakapongezana. Baada ya siku tatu nzi walikuwa wamerudi vile vile. Kilichomshinda fundi ni hesabu ya nzi: kwenye joto la Dar es Salaam, yai linakuwa nzi anayeruka kwa siku kama 10, na jike mmoja hutaga mayai mamia katika maisha yake mafupi. Ukiua wanaoruka leo, walio kwenye mayai na kwenye maganda ya kubadilikia hujawagusa. Yeye aliona dozi ilikuwa ndogo. Kifuniko kimoja kikawa vitatu, na safari hii, kwa uchovu, hakutoa vyombo nje.

Asubuhi mtoto wake wa miaka mitatu alichukua kikombe chake cha plastiki kichanjani, akachota maji, akanywa. Haikuchukua muda mate yakaanza kumtoka bila kukoma. Akatoka jasho nguo zikalowa, akatapika, akaharisha, na mboni za macho zikasinyaa zikawa kama tundu la sindano. Bibi akakimbilia maziwa, maana ndivyo tulivyofundishwa sote, kwamba maziwa yanakata sumu. Alikuja nayo hadi hospitali, kikombe mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Naomba hicho ukiweke chini," muuguzi alimwambia. "Maziwa hayakati sumu, na mtoto anayetapika yanaweza kumpalia yakaingia kwenye mapafu. Mmemvua nguo alizokuwa nazo? Mmemwogesha kwa sabuni?"

Hawakumwogesha. Sumu ya aina hii inapita hata kwenye ngozi, kwa hiyo nguo zilizolowa zilikuwa zinaendelea kumtia sumu njiani kote. Daktari akauliza dawa yenyewe ni ipi. Fundi alirudi nyumbani mbio, akaja na chupa ya maji. Daktari akaigeuza, akaitazama, akaiweka pembeni, akarudi kwenye dalili, ambazo zilikuwa zinasema zenyewe. Mate, jasho, mboni ndogo: hiyo ni picha ya sumu za jamii ya oganofosfeti, zinazozuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, basi tezi na misuli vinaendelea kuamrishwa bila kituo. Nzi na mtoto hufa kwa njia hiyo moja, tofauti ni kiasi tu. Mtoto alichomwa sindano za atropini, akawekewa oksijeni, akalazwa siku mbili, akatoka mzima. Nimejua nyumba ambazo hazikubahatika hivyo.

Nzi, wakati huo, walikuwa wanaendelea na shughuli zao.

Mama wa mtoto ndiye aliyewapata. Siku ya kutoka hospitali aliamua kuosha jiko na stoo yote kwa maji na sabuni, kila chombo, kila rafu, ili sumu iondoke. Akafika nyuma ya mlango wa stoo, penye kreti la soda lililobaki kwenye akika ya mdogo wa yule mtoto aliyelazwa, mwishoni mwa Novemba. Chupa tupu 24 zinazongoja kurudishwa dukani. Alipolivuta, wingu la nzi likainuka.

Akachukua chupa moja akaielekeza kwenye mwanga. Chini kulikuwa na soda ya chungwa isiyofika hata kijiko, imekuwa nzito, ina ukungu kidogo, na ndani yake vifunza vyembamba vikipanda na kushuka. Juu zaidi, kwenye shingo ya chupa, palikuwa na vitu vya kahawia vimegandia kwenye kioo, vidogo kuliko punje ya mchele. Vingine vilikuwa vitupu, nzi amekwishatoka. Tangu Novemba zilikuwa zimepita wiki zaidi ya tatu, vizazi viwili na ushei, na dawa iliyopulizwa jikoni haikufika ndani ya chupa hata moja.

Anayeijua historia ya sayansi atacheka kidogo hapa. Thomas Hunt Morgan, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alifuga nzi hawa hawa ndani ya chupa za maziwa kwa kuwatilia ndizi mbivu, na mwaka 1910 akapata dume lenye macho meupe lililomfungulia siri za urithi wa vinasaba. Mwaka 1933 akapewa Tuzo ya Nobel. Nzi wenyewe asili yao ni bara letu. Kwa hiyo kreti la Temeke lilikuwa maabara kamili, kasoro mtafiti.

Mama alimwaga masalia, akatia maji ya moto na sabuni, akasugua kila chupa kwa brashi na kulianika kreti juani. Kisha, kwa kuwa sasa alijua anatafuta nini, akaendelea kutafuta. Kiazi kimoja kilikuwa kimeoza kikatoa maji chini ya kiroba. Mpira wa chini ya kisu cha blenda, ambao hakuwahi kuuvua tangu ainunue, ulikuwa na utando wa embe lililochacha. Dodoki likatupwa. Dekio likaanikwa, badala ya kusimamishwa kwenye ndoo likiwa bichi. Tundu la sinki aliliziba usiku kwa kipande cha nailoni angavu kilichobandikwa kwa gundi ya karatasi, asubuhi akakuta hakuna nzi aliyenasa chini yake, akaliacha.

Mtego aliuweka mwisho, na ndiyo nafasi yake. Ndizi iliyoiva kupita kiasi ndani ya glasi, siki kidogo juu yake, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni inalegeza uso wa siki, nzi akitua anazama badala ya kusimama juu. Wengi huanza na mtego, wanahesabu waliozama, wanafurahi, na kreti liko nyuma ya mlango. Kwake ilibaki kazi ya kuwamaliza wakubwa waliokwishaanguliwa, na wiki ya pili kawa lilikuwa halina mgeni.

Ile nusu chupa ya sumu fundi alitaka kuimwaga chooni. Bwana afya wa kata alimkataza: isimwagwe chooni wala mtaroni, kwani ingefuata maji. Akaichukua ikiwa imefungwa kwenye mfuko na kuandikwa SUMU kwa kalamu nene.

Kreti likarudi dukani Januari. Mangi alizitazama chupa zinazong'aa, akashangaa.

"Mama, chupa za kurudisha nazo mnaosha siku hizi?"

"Tunaosha. Na hayo makreti yako yaliyopangwa karibu na mikate, yatazame ndani."