Kutazama na Kuona

Msomaji kijana, safari ni shule isiyo na kuta, na wahenga walisema kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Walakini, je, kila atazamaye huona?

Wanafunzi kadha wa Kawangware walipanga safari ya siku moja, wakitaka kujua urithi wa Wahindi na wanyama wa mwitu. Mmoja wao alinung'unika, "Mwalimu, urithi wa Wahindi uko Uhindi, na nauli hatuna." Nikamwuliza kama amepata kuvuka reli ya Kibera. Akacheka, maana huivuka kila Jumapili aendapo kumwamkia shangazi yake.

Reli hiyo ndiyo urithi wenyewe. Kati ya mwaka 1896 na 1901 wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga toka Mombasa hata Kisumu. Wapatao 2,500 walikufa. Huko Tsavo, mwaka 1898, simba wawili waliwanyatia hemani usiku na kuwala, hata kazi ikasimama. Simba hao waliuawa, na leo ngozi zao zilizojazwa zimo katika jumba la makumbusho mjini Chicago, ambako watu husafiri kwenda kuzitazama. Lakini ni nani kati yetu awezaye kutaja jina la mmoja tu wa wale walioliwa? Mnyama amepewa kumbukumbu, mtu amenyimwa.

Kosa hilo halikuishia Tsavo. Wako wageni waingiao Kibera, wakampiga picha mama afuaye nguo mlangoni pake bila ya kumsalimu, kisha wakaenda katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, wakampiga twiga picha kwa jicho lile lile. Twiga hadai salamu. Mtu huidai, kwa kuwa ana jina na heshima yake.

Yamkini utasema kwamba msafiri hawezi kujua jina la kila mtu. Kweli, hawezi, lakini kuuliza anaweza. Basi upangapo safari, usihesabu nauli na chakula tu. Chukua na swali hili: ni nani aliyetoa jasho, au damu, ili mimi nipite hapa?

Wanafunzi wale walianzia relini, wakamalizia mbugani. Jumapili iliyofuata, yule mnung'unikaji aliniambia, alipofika relini hakuvuka mara moja. Alisimama kitambo, ndipo akaenda kwa shangazi yake.