Ukali wa mbwa tunaufuga wenyewe

Jumamosi nilimkuta mama muuza mboga amejibana ukutani kwa jirani, hapa Mbezi, mchicha umemwagika, mguu unachuruzika damu. Mbwa alikuwa ameshikwa, bado anaunguruma, na shingoni manyoya yamenyonyoka pale mnyororo unapokaa. "Pole mama, ila getini tumeandika kuna mbwa mkali," akasema mwenye nyumba. Kauli hiyo imenikaa rohoni wiki nzima.

Tumeandika! Na mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, asiyejua kusoma?

Najua nitaulizwa: mbwa asiyeng'ata ni wa nini, na wezi wamejaa? Abweke, ndiyo kazi yake, kisha mwenyewe akimwambia basi, anyamaze. Anayemrukia muuza mboga mara nyingi ni mwoga. Mbwa huzoea watu kwa wepesi zaidi akiwa na umri wa kati ya wiki 3 na 14 hivi, na wiki hizo hizo sisi tunamfungia bandani, eti akizoea watu atakuwa mpole. Akikua, kila mgeni kwake ni adui. Halafu tunamchapa kwa kubweka, naye anajifunza kwamba mgeni akija, fimbo inafuata.

Kumrekebisha kunawezekana, kwa subira. Mshike kwa kamba imara, mgeni asimame mbali, pale mbwa anapoweza kumwona akabaki ametulia. Hapo hapo mpe kipande cha nyama. Siku nyingine mgeni asogee kidogo, asimkazie macho wala kumwinamia. Mbwa akiunguruma, mgeni arudi nyuma, na wewe usimpige, maana muungurumo ni onyo, na mbwa aliyechapwa mpaka akaacha kuonya anaweza kung'ata bila kutoa sauti. Ambaye ameshang'ata, mwite daktari wa mifugo kabla ya mazoezi yoyote. Maumivu nayo huleta ukali.

Kuandika getini hakumwondolei mtu dhima. Na jeraha la mbwa si la kupuuza: kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali akachanjwe, na gharama zote ni za mwenye mbwa. Asiye tayari kumchanja mbwa wake na kumfundisha kuishi na watu, asifuge.